Kiti Kilichokaa Mahali pa Upweke

Hebu mfikirie Belmiro Galvão anavyofika kazini. Mvua inanyesha, maana Braga, huko Ureno, mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea, na kengele za makanisa zinabishana zenyewe kwa zenyewe ni saa ngapi hasa. Anakuja mtu mfupi, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Mfukoni ana kipande cha mkate wa mahindi na dagaa wawili wa kukaanga, wamefungwa kwenye karatasi iliyoharibika mashineni, yenye nusu ya uso wa Mtakatifu Rita. Anafuta viatu mlangoni, anamsalimu Dona Gracinda, anavaa aproni, kisha anasimama mbele ya kasha la herufi za risasi.

Nasema anasimama. Kazi ya kupanga herufi haina kukaa. Miaka ishirini na tisa mtu huyu alisimama mahali pamoja, akiokota herufi moja moja kwa vidole vilivyokuwa vya kijivu, hata mbao za sakafu zikachimbika umbo la nyayo zake.

Kiwanda kilikuwa cha Dona Gracinda, mjane, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha farasi. Walichapa kadi za watakatifu, mialiko ya harusi na matangazo ya vifo ya kubandika ukutani. Na mara nne kwa mwaka walichapa jarida la mashairi, kwa sababu marehemu mumewe aliahidi hivyo akiwa na glasi ya divai mkononi, na wafu hawawezi kuombwa wabadili mawazo. Jarida liliitwa *Tamanco*, yaani kiatu cha mti cha mkulima. Washairi waliolibatiza jina hilo hawajawahi kuvaa kiatu cha mti maishani mwao. Miguu yao ilikuwa laini kama mikate ya maziwa.

Walikuwa watano, akiwemo mfamasia mmoja na mmoja aliyetoroka seminari ya upadri. Kila siku baada ya chakula cha mchana walikaa mkahawani ng'ambo ya barabara, kikombe kimoja cha kahawa kwa kila mmoja, wakikilinda hadi magharibi kama shamba lenye hati. Walichapa nakala mia tatu. Sitini hivi zilinunuliwa, nyingine zilikwenda kwa shangazi zao. Nadhani hakuna mji duniani ambao shangazi walilazimika kumiliki mashairi mengi ya kisasa kama Braga ya mwaka ule wa hamsini na saba.

Kiongozi wao alikuwa Teotónio Lacerda, mwalimu wa Kilatini, mrefu, mwenye skafu. Aliitwa Daktari kwa sababu alipita chuo kikuu, ingawa ukijikata kidole mbele yake ataanguka yeye.

Sasa, ugomvi wa Belmiro na washairi ulikuwa juu ya herufi moja tu. Wareno wana a ya kawaida, na wana a nyingine yenye kiwimbi juu yake, ya kusemea puani. Na lugha yao, sijui nani aliipanga hivyo, imeificha hiyo a ya wimbi ndani ya maneno yote ambayo mshairi hawezi kuishi bila: moyo, upweke, shauku, mkono, mkate, sala, hapana. Mtu anayechapa bei za mbolea anaweza kwenda mwezi mzima asiiguse. Mshairi anaila kama karanga. Kwenye kasha la *Tamanco* zilikuwa thelathini na nane, basi. Hata jina la ukoo la Belmiro lilikula moja, ndiyo maana yeye mwenyewe hakujichapa popote.

"Daktari," alimwambia Teotónio siku moja, "ukurasa huu una mioyo sita."

"Ni shairi la mapenzi, Fundi."

"Hata kama. Mtu ana moyo mmoja. Huyu wako ana sita na ukurasa haujaisha."

"Hayo ni marudio. Ndio ufundi wenyewe."

"Ufundi uko huku kwenye kasha. Nina a za wimbi thelathini na nane, na Bwana Mfamasia ameshachukua kumi na moja kwa ajili ya mkate."

"Mkate gani?"

"Wa ishara, anasema. Mwambie aule, nipate herufi zangu."

Ndivyo walivyoishi. Washairi walikuja na mioyo, Belmiro akawapunguzia. Akiwaomba, wao wenyewe hufuta neno, huku wakilia kama wanang'olewa jino. Lakini ilikuwa lazima wafute mapema, kabla kurasa hazijapelekwa kwa Kapteni Evaristo.

Kapteni Evaristo alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye jongo la kidole gumba cha mguu, na serikali ilimpa penseli ya bluu ili asome kila kitu kinachochapwa Braga kabla ya watu wengine kukisoma. Asichokipenda anakikata. Anachokiruhusu anakipiga muhuri. Na baada ya muhuri haigeuzwi hata nukta. Miaka miwili nyuma kiwanda kilifungwa mwezi mzima kwa sababu kalenda ya mchinja nyama ilitoka na utani ambao haukuwa kwenye prufu, zile kurasa anazopelekewa Kapteni kabla ya kuchapa. Tangu hapo Dona Gracinda alikuwa na sheria moja, naye aliitamka mbele ya aproni ya Belmiro kama anayeiambia aproni:

"Atakayegusa neno baada ya muhuri, aitundike hiyo msumarini na asirudi."

Belmiro alikuwa na miaka hamsini na minne. Viwanda vikubwa vya Porto vilishanunua mashine zinazopanga herufi zenyewe. Akiitundika ile aproni, hakuna mwingine atakayempa ya kuvaa. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Basi, toleo la masika. Kurasa zimerudi na muhuri, Daktari Teotónio amekwenda kwenye chemchemi za maji ya moto kutuliza kifua, na siku ya kuchapa ni hiyohiyo, kwa sababu kesho mashine ina harusi tatu. Asubuhi ile akafa padri mkubwa wa kanisa kuu. Tangazo lake likaletwa mbiombio, na marehemu alikuwa na ndugu saba, na ndugu nao wana ile a ya wimbi, na sala wanazoombwa waumini pia, na herufi zenyewe zikatolewa kwenye kasha lilelile kwa sababu Dona Gracinda aliona ni nzuri zaidi kwa padri. Belmiro alipofika ukurasa wa mwisho wa *Tamanco*, kwenye shairi la Teotónio, akapeleka vidole kwenye kijumba cha a ya wimbi, vidole vikagusa mbao tupu.

Mstari wenyewe ulisema hivi: *Kila jioni napanda kilimani, nimebeba upweke wangu.* Ilikosekana herufi moja tu, ya kwenye neno upweke.

Angeweza kuweka a ya kawaida. Lakini hilo lingekuwa kosa la chapa, na kosa la chapa mafundi wa huko huliita kunguru, kwa kuwa linatua ukurasani bila kualikwa na linaonekana kutoka mbali. Belmiro katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kuruhusu kunguru atue. Wengine wanajivunia watoto wao, yeye alijivunia hilo.

Akausoma mstari tena. Miguu ilikuwa inamuuma. Akawaza: huyu bwana anapanda kilima kizima na upweke begani. Akifika juu ataufanyia nini? Atasimama nao tu? Mimi ningebeba kiti.

Akahesabu kwa Kireno. Upweke, herufi saba. Kiti, herufi saba, na a ya wimbi haimo. Nafasi ileile, hakuna cha kusogeza. Dona Gracinda alikuwa nje akibishana na mtu wa karatasi. Ilimchukua muda wa kupiga chafya mbili. *Kila jioni napanda kilimani, nimebeba kiti changu.* Akafunga ukurasa, mashine ikachapa, akala dagaa wake.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeona, kwani nani husoma shairi la mwisho? Teotónio aliporudi akaona. Alivuka barabara na skafu ikipepea, *Tamanco* mkononi, uso umebadilika rangi. Lakini kabla hajafika mlangoni, mfamasia alimwita kutoka mkahawani: gazeti la Lisbon limeandika habari zake. Mhakiki mmoja, ambaye kwa kawaida hakumsifu mtu aliye hai, alisema kwamba mashairi ya *Tamanco* ni supu ileile ya kabichi, isipokuwa mstari mmoja. Alikuwepo Braga, aliandika, mtu aliyethubutu kuutua chini upweke wa wenzake wote na kubeba kiti.

Teotónio aligeuka palepale katikati ya barabara. Kesho yake ndipo alipoingia kiwandani, polepole.

"Fundi. Kile kiti."

"Nisamehe, Daktari. Nitaomba radhi kwenye toleo lijalo, nitasema nilikosea."

"Nani amekuambia uombe radhi?"

"Nilidhani umekasirika."

"Nilikuwa nimekasirika. Sasa nafikiri." Alikunja skafu. "Umemwambia mtu?"

"Nikimwambia mtu napoteza kazi."

"Vizuri sana," alisema Teotónio, kisha akaona alivyosikika. "Yaani, pole."

Wiki tatu zilizofuata Belmiro aliweza kumsikia kutoka dirishani akieleza kile kiti. Jumatatu kiti kilikuwa ni mauti. Jumatano kilikuwa mama yake. Ijumaa kikawa Ureno nzima na yule aliyetoroka seminari akatokwa na machozi.

Shida ni kwamba Kapteni Evaristo hakusoma mashairi akishayapiga muhuri, ila magazeti alisoma. Alikuja mwenyewe, akichechemea, na gazeti la Lisbon kwapani.

"Dona Gracinda," alisema, "kiti hiki ni cha nani?"

"Kiti gani, Kapteni? Kalia hiki hapa."

"Sikai. Mtu anabeba kiti anaondoka nacho. Nchi hii ina kiti kimoja kikubwa, na kina mwenyewe amekikalia miaka mingi. Nauliza tena, kiti ni cha nani?"

Dona Gracinda akatoa prufu yenye muhuri. Ilisema upweke. Akatoa jarida. Lilisema kiti. Akamtazama Belmiro, na Belmiro akaitazama aproni yake. Teotónio akaitwa kutoka mkahawani, akaja akiwa bado ameshika kijiko.

"Ni kunguru, Kapteni," Belmiro alisema.

"Kunguru hubadili herufi moja. Huyu amebadili saba kati ya saba, na zikatoa neno lililonyooka. Huyo si kunguru, huyo ni mwanasiasa."

"A za wimbi ziliisha. Padri alikufa."

"Unamsingizia padri?"

"Alikuwa na ndugu saba, Kapteni. Njoo uone kijumba."

Kapteni alikwenda akatazama kasha, akaingiza kidole, akahesabu moja moja kwa midomo. Halafu akamgeukia Teotónio. "Daktari, jibu fupi. Wewe uliandika kiti?"

Kila aliyekuwa mle ndani alijua maana ya jibu. Akisema ndiyo, amegeuza maneno baada ya muhuri, na shule ya Kilatini haitamwona tena. Akisema hapana, mama na mauti na Ureno nzima vimerudi kuwa kiti cha mtu mwingine. Teotónio akakitia kijiko mfukoni.

"Mimi niliandika upweke," alisema. "Kiti ni ujinga wa fundi."

"Ni kweli, Fundi?"

"Ni ujinga wangu," Belmiro alisema.

Kapteni alishusha pumzi. Mguu ulikuwa unamuuma na hakupenda kuandika ripoti. "Ujinga bado haujapigwa marufuku. Chapeni kikaratasi cha masahihisho, kiingie katika kila nakala iliyobaki, na kila shangazi apelekewe chake: *Palipo na kiti, pasomwe upweke.*" Akaondoka.

Dona Gracinda aliikunja prufu yenye muhuri, akairudisha mahali pake.

"Nilisema atakayegusa neno," alianza.

"Ndiyo, Dona Gracinda."

"Kapteni ameandika kwenye daftari lake kwamba ni ujinga, hakuandika kwamba ni neno. Siwezi kumbishia Kapteni. Panga hicho kikaratasi. Lakini mara ya pili, Belmiro, sitamsikiliza hata Papa."

Akakipanga kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, mstari wa kuufuta mstari pekee aliowahi kuutunga. Mahali palipoandikwa "kosa la fundi" akakagua mara mbili kama pana kunguru.

Vuli ilipofika Teotónio alikuja na kitabu chake kizima, kimefungwa kwa uzi, kimepita kwa Kapteni, kila ukurasa una muhuri. Alikiweka mezani, akafungua shairi lile. Upweke ulikuwa mahali pake.

"Fundi," alisema chini chini, bila kumtazama, "pale kilimani. Kama a za wimbi zikipungua tena."

"Hazitapungua. Dona Gracinda ameagiza mia mbili kutoka Porto."

"Zikipungua, nasema."

"Na jina kwenye kitabu ni la nani?"

Teotónio alikohoa ndani ya skafu. "Huo ndio utaratibu, unajua. Kitabu ni changu. Lakini mimi na wewe tutajua."

Alivuka barabara kurudi kwenye kahawa yake. Belmiro akapanga ukurasa: *kila jioni napanda kilimani, nimebeba*. Hapo akasimama. Mbele yake nafasi ya herufi saba. Kijumba cha a ya wimbi kimejaa hadi juu, muhuri umekauka, Dona Gracinda yuko nyuma ya mlango anapiga hesabu za bahasha, na aproni iko mwilini mwake bado. Kiti ni chake, wengine wanakijua kama kosa la fundi tu, na kikirudi kitarudi kwa jina la mwenye skafu.

Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, vidole vingekuwa vyako, ungeokota herufi zipi?