Mdogo wangu anaolewa, walii ni mimi, nikaambiwa nipumzike

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe juzi huko Kurui, Kisarawe, na uchovu wake bado ninao.

Mimi ni injinia wa maji, kazi yangu ipo Kibaha. Natembea kwa magongo mawili tangu utotoni.

Ofisini ni mkuu wa kitengo. Kila semina naitwa niongelee kujiamini, watu wanapiga makofi na picha juu. Nimezoea, ila inachosha jamani.

Sasa mdogo wangu Zuhura anaolewa. Baba alishafariki na kaka yake ni mimi peke yangu, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni mimi. Hata mtoto wa madrasa analijua hilo.

Asubuhi ya ndoa baba mdogo akanivuta pembeni.

"Mwanangu, pale ni kukaa chini kwenye jamvi, uso kwa uso na bwana harusi, mmeshikana mikono. Utahangaika mbele za watu. Acha nikuwakilishe mimi, nitaozesha. Wewe pumzika, tusikuchoshe."

Ananipenda sana huyu mzee. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Nikasema sawa. Mimi ninayebishana na wakandarasi mpaka wananuna! Nikawekewa kiti cha plastiki ukutani, nikakaa na hasira zangu.

Shehe akatuma mashahidi wawili ndani wakachukue idhini ya bibi harusi, kama kawaida. Wakakawia. Waliporudi walikuwa wanatazamana.

"Bibi harusi amemridhia mume," mmoja akasema. "Ila anataka aozeshwe na kaka yake mwenyewe. Vinginevyo idhini hatoi."

Baba mdogo akasogea, akaniachia nafasi.

Wakuu, nilishuka vibaya. Gongo moja likateleza, kofia ikaanguka, jasho linanitoka na watu wote wananisubiri. Bwana harusi akanyoosha mkono anisaidie. Nikamwambia, "Subiri shemeji, huo nitauhitaji sasa hivi."

Watu wakacheka. Nikakaa, nikaushika, nikamwozesha mdogo wangu.

Nilichojifunza: kujiamini kwangu kote nilikuwa nakuacha kazini. Nikifika nyumbani nakubali kuwekwa pembeni kwa sababu wanaoniweka ni watu wangu, na kugombana na anayekupenda ni kazi ngumu kuliko kazi.

Wenye ulemavu humu, na nyie mnaoishi nao, semeni. Kwenu mnafanyaje?

Mimi nimechoka kupumzishwa.