Mahindi ya Sabato

Punje ya mahindi makavu ikidondoka kwenye beseni la bati hutoa mlio mdogo tu, lakini pale Nyamwaga, siku ya Sabato, mlio huo ulitosha kumtoa mama yangu nyumbani kwake. Mahindi yale nilimpelekea mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka huo tulivuna vizuri. Kihenge kilijaa, na nyumba nzima ilinuka maganda makavu na vumbi tamu la mahindi mapya. Lakini tangu tulipomzika mdogo wetu wa mwisho, mwili wa mama ulikuwa umekataa kutulia. Miguu ilimtetemeka akiwa ameketi, vidole vilisokota ncha ya kanga mpaka nyuzi zikakatika, na nikimwekea kiganja mgongoni nilihisi moyo wake unavyokimbia. Siku za kazi wachache waliliona hilo, maana alilima, akachota maji, akapukuchua. Mikono ikiwa kazini, mwili mwingine wote ulitulia. Taabu ilikuwa Jumamosi. Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa jua likizama, kuni zimeshapasuliwa, makande yameiva, ndoo zimejaa, na hakuna mkono unaogusa kazi hadi jua lizame tena. Siku ambayo Mungu aliwapa watu wapumzike ndiyo iliyomtesa mama. Kanisani alitoka na kurudi katikati ya mahubiri, na alipoketi benchi zima lilitikisika. Akina mama walimwombea. Walifunga kwa ajili yake, naye akafunga. Wakampaka mafuta kwenye paji la uso. Waliomba kwa machozi ya kweli, siwezi kusema vinginevyo. Sabato iliyofuata miguu ilikuwa ileile.

Baba alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, akirudi mara moja kwa mwezi. Mambo ya nyumbani kwetu yaliamuliwa na kaka yake, baba mkubwa Marwa, mzee wa kanisa. Hakuwa mtu katili. Maziwa tuliyokunywa yalitoka kwake. Lakini asubuhi moja nilimsikia zizini akimwambia bibi yetu, "Huyu mama Bhoke, Sabato inamshinda. Ikizidi arudi kwao Nyarero, akapumzike huko." Bibi akauliza, "Na watoto?" Akajibu, "Watoto ni wa hapa." Bhoke ndiye mimi. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nilihesabu saa zilizobaki jua lizame.

Nilimsindikiza mama zahanati. Muuguzi, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alimsikiliza bila haraka, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Baba mkubwa alisema safari hiyo isubiri kwanza maombi yaishe. Lakini siku ile ya zahanati, tulipokuwa tunatoka, muuguzi alinishika bega. "Mdogo wangu, mama yako si mwehu. Hofu imemkaa mwilini. Ukiona imempanda, mpe mikono yake kitu cha kufanya." Hakuwa wa dhehebu letu. Hakujua alikuwa ananituma wapi.

Jumamosi hiyo, baada ya ibada, mama alizunguka chumbani kama ndama aliyefungwa, kucha zikiwa zimezama kwenye mikono yake mwenyewe. Nikaenda kihengeni, nikajaza ndoo mahindi, nikaifunika kwa kanga.

"Bhoke, leo ni Sabato."

"Najua, mama."

Akavuta beseni, akachukua moja, akaanza kulipukuchua. Kabla hajafika la tano, miguu ilikuwa imetulia. Akaanza kusema zaburi kwa sauti ya chini, mstari wa zaburi kwa mstari wa punje. Sikuwahi kumwona akiomba vizuri namna ile. Ili watu wasisikie beseni, nilikaa mlangoni nikaimba nyimbo za kanisa kwa nguvu zangu zote. Tulifanya hivyo Sabato tatu.

Sabato ya nne, kuimba kwangu ndiko kulikowaleta.

"Sabato njema! Sauti yako imetuvuta toka barabarani," alisema shemasi Wankuru, akicheka. "Hata viziwi wa Nyamwaga leo wameabudu! Tumekuja tuimbe na wewe, tumwombee na mama." Nyuma yake walisimama akina mama wanne na baba mkubwa. Nikawapisha, ningefanyaje? Waliimba, kisha wakainamisha vichwa. Katika kimya kile, nyuma ya pazia la chumba, punje zikadondoka. Mama alijua wapo. Baadaye aliniambia kwamba aliiamuru mikono iache, ikakataa.

Baba mkubwa alifunua pazia. "Nani amekuletea haya?"

Mama alinitazama mara moja tu. "Nimeyachukua mwenyewe, shemeji."

Nami nikanyamaza.

Jumatatu alishika njia ya Nyarero na kikapu kimoja. Baba alipokuja mwisho wa mwezi aliketi jikoni, chakula kikapoa mbele yake, lakini neno la kaka yake hakulivunja.

Sasa mimi ni mwalimu mjini Mugumu. Kanisani kwetu siku hizi mchungaji huomba na mgonjwa, kisha humuuliza kama amefika kliniki, na shemasi mmoja humsindikiza. Mama anatumia vidonge vya hospitali, na Sabato nyingi humaliza ibada bila kuinuka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi maradhi hatukuyaficha, tulificha dawa. Sabato iliyopita nilikuwa naye Nyarero. Wakati wa maombi vidole vyake vilianza, nikampa mkono wangu, akawa anavibonyeza vifundo vya vidole vyangu kwa dole gumba, kimoja baada ya kingine, hadi amina.

Baba mkubwa yu hai, macho yamefifia. Mwezi uliopita nilipompa shikamoo aliniuliza kama mama sasa anaweza kupumzika Sabato. Akaongeza kwamba hajawahi kuelewa mwanamke mcha Mungu vile aliwezaje kwenda mwenyewe kihengeni.

Nilimjibu kwamba ng'ombe wake wamenenepa.