Bi Valeria na Mwalimu wa Kilatini

Bi Valeria Cocozza alikaa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya vizazi na vifo ya mji wetu mdogo wa Roccafosca, na katika miaka yote hiyo hakuna barua iliyotoka mezani kwake bila "salamu za heshima" chini yake. Msidhani ni maneno ya upole. Kwa kalamu ya Bi Valeria, salamu za heshima zilikuwa mlango unaobamizwa usoni. Fundi bomba mmoja alimposa kwa barua, mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki, akajibiwa mistari miwili: ombi limepokelewa, ombi limekataliwa, salamu za heshima. Juu aliweka na namba ya faili.

Nayajua haya kwa sababu meza yangu ilitazamana na yake.

Siku moja mwezi wa Machi ikaingia barua pepe ya Mwalimu Ermete Taddei, mzee wa miaka sabini na miwili, aliyefundisha Kilatini kaskazini maisha yake yote, kisha akarudi kwao kupumzika. Karani aliyemwandikisha alipozaliwa aliandika Ermeta, mwanamke. "Kila baada ya miaka miwili hospitali inanialika kupimwa matiti," aliandika. "Mara ya kwanza nilikwenda, kwa kuogopa kuwakosea adabu. Naomba nirekebishiwe."

"Nives, hebu njoo uone ufedhuli huu," Bi Valeria akaniita.

"Ufedhuli gani? Mzee wa watu anataka jina lake."

"Soma chini!"

Chini, juu ya sahihi, palikuwa na neno moja: Vale.

"Ameniita Vale! Mtu sijamwona hata kisogo! Marehemu mama aliniita Vale, na marehemu mume wangu Duilio, basi. Na huyo Duilio alisubiri miaka mitatu!"

Akamjibu kwamba fomu aliyoambatisha haina stempu ya ushuru, na kwamba hajampa mtu ruhusa ya kumzoea. Salamu za heshima.

Mwalimu, maskini, hakujua kosa lake. Akadhani ameandika kwa ukavu mno, akaamua kuongeza sukari. Barua ya pili ilimalizika hivi: "Niwie radhi. Vale, vale, na tena vale."

"Mara tatu!" Bi Valeria akapiga meza hadi mihuri ikaruka. "Asubuhi yote hii, saa za kazi!"

Lakini nilimwona akiichapisha. Alisema ni kwa kumbukumbu za ofisi, kisha akaikunja akaitia kwenye mkoba wake, pamoja na miwani na pipi za kikohozi.

Basi akaanza kumdai mwalimu vitu ambavyo sheria haijapata kuvisikia. Cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. Hati ya ubatizo. Kadi ya chanjo ya ndui.

"Bi Valeria, haya yote hayahitajiki," nikamwambia.

"Wewe unajua nini? Faili ikae sawasawa."

Kila karatasi ililetwa, na kila barua ilimalizika kwa Vale. Na mimi, kwa macho yangu, nikashuhudia ngome ikibomoka. Salamu za heshima zikawa salamu njema. Salamu njema zikawa salamu za dhati. Alhamisi moja nikachungulia begani kwake nikasoma: "Nakukumbatia." Kwa mwananchi! Na namba ya faili iko juu.

Kesho yake mwalimu akaja mwenyewe. Mrefu, mwembamba, tai imefungwa hadi kooni. Bi Valeria alikuwa ametoka kupaka nywele rangi ya hudhurungi, na sikio moja pia lilipata.

"Bi Cocozza?"

"Vale," akasema Bi Valeria, sauti laini sijapata kuisikia.

Mwalimu akapepesa macho. "Mbona unaniaga, mama? Ndiyo kwanza nimefika."

"Nakuaga? Nakuambia uniite Vale, kama ulivyozoea!"

Hapo ndipo mwalimu alipoelewa, akashika ukingo wa meza. "Mama yangu, hicho ni Kilatini. Warumi walifungia barua zao hivyo. Maana yake, kaa salama. Mimi hata daktari wa meno namwandikia hivyo."

Mimi na Bi Valeria tulisoma chuo cha ukarani. Kilatini tulikisikia mazikoni tu.

"Daktari wa meno," akarudia Bi Valeria. Wekundu ulimshuka kutoka mashavuni mpaka kwenye ukosi. Nikainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. "Faili yako imekamilika. Weka sahihi hapa. Salamu za heshima."

Mara ya kwanza maishani kumsikia akizitamka kwa mdomo.

Mwalimu akaweka sahihi, akafika mlangoni, akasita. "Lakini wewe uliandika nakukumbatia."

"Kosa la kompyuta."

"Kompyuta haina mikono." Akajikohoza. "Bi Cocozza, hilo jina la Ermeta ningelivumilia mpaka kaburini. Nimekuja kuuliza kama ulikusudia."

Bi Valeria akapanga mihuri, akaipangua, akaipanga tena. "Saa saba tunafunga," akasema hatimaye. "Mkahawa wa Iole leo wamepika sungura."

Jina lilirekebishwa mwezi wa Mei. Kuoana hawakuoana, Bi Valeria anasema hawezi kulala nyumba moja na mwanamume anayepiga pasi soksi. Ila kila Jumapili wanacheza karata nje ya baa, mkabala na kanisa. Bi Valeria anaiba karata waziwazi, mwalimu anapandwa na hasira anamgombeza kwa lugha mbili. Juzi kelele zilizidi, padri akatoka na majoho yake kwenda kuwanyamazisha. Walimpa kiti na karata tatu, na misa ya saa tano ikaanza saa sita kasorobo.