Mtungi Uliolia Saa Sita Mchana

Kijijini kwao, katika kisiwa cha Savaii, Fuatino aliitwa Mwalimu Kwa Nini, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali. Akiwa msichana alitolewa kwenye kwaya kwa sababu alitaka kujua nani aliamua wimbo uishe pale unapoishia. Akaenda ng'ambo, Oklandi, kulea watoto wa watu, na nyumbani wakadhani baridi ya huko itamfunga mdomo. Wapi! Alirudi na maswali mapya, akafungua chekechea katika ukumbi wa kanisa.

Somo lake la muziki ndilo lililowakera watu. Jumapili Nyeupe ilikuwa inakaribia, siku ambayo kila mtoto huvalishwa nguo nyeupe na kusimama kanisani kusema aya yake, na mzazi ambaye mwanawe atakwama hutembea ameinamisha kichwa mpaka mwaka uishe. Walimu wengine wangewakaririsha watoto nyimbo asubuhi mpaka mchana. Fuatino yeye aliwapa vifuu vya nazi, vijiti na mkeka uliokunjwa ukawa ngoma, kisha akawauliza: sauti hii inasema nini? Ukigonga polepole, je?

“Hayo ni makelele,” alisema Mama Mchungaji, ambaye funguo za ukumbi zilikuwa kiunoni mwake. “Mwalimu anaimba, mtoto anafuatisha. Basi. Nikisikia upuuzi mwingine, Fuatino mwanangu, ukumbi naufunga.”

“Nimesikia, Mama,” alijibu Fuatino. Aliogopa kwelikweli, kwa maana kijijini hapakuwa na ukumbi mwingine.

Kesho yake somo likawa juu ya kengele ya sala. Kengele yenyewe ni mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwenye mshelisheli, na kila jioni hupigwa mara tatu. Ya kwanza, kila mtu aingie ndani. Ya pili, sala ianze kwa nyimbo. Ya tatu, watu wawe huru, na ole wake atakayeonekana barabarani kabla yake.

“Watu wanajuaje saa ya sala imefika?” aliuliza Fuatino.

“Wanaangalia jua,” wakasema watoto.

“Uongo,” akasema Sieni, kitoto kifupi kisichokubali kushindwa. “Wanasikiliza mtungi tu.”

“Haya, tutajuaje nani mkweli?” Fuatino akauliza, akazunguka nyuma ya ukumbi kuokota vifuu zaidi. Swali kama lile si la kuachiwa watoto bila mlinzi.

Mtungi ukalia. Fuatino, vifuu mikononi, alipiga magoti papo hapo kwenye nyasi na kufumba macho. Vijana wa voliboli waliacha mpira ukibingirika, wakakimbilia ndani. Ukalia mara ya pili, na kila nyumba ikaanza kuimba. Mara ya tatu haukulia. Watoto walikwishapata jibu lao, wakarudi zao kunywa maji.

Kijiji kikaimba. Wimbo uliisha, wakaanza mwingine, na mwingine tena. Mama Mchungaji alisikia harufu ya majimbi yake yakiungua jikoni, akazidisha sauti. Kilichomfumbua macho Fuatino ni jua la utosini; jioni ilikuwa bado. Alitimua mbio, akaugonga mtungi mara ya tatu.

Alasiri wazee waliketi. “Huyu anawafundisha watoto utundu,” alisema Mama Mchungaji. “Naomba baraka zenu nifunge ukumbi.”

Mzee Fasalele, mkuu wao, alimwita Sieni. “Mjukuu wangu, mbona mlipiga mtungi?”

“Tulitaka kujua.”

“Mkajua nini?”

“Hakuna aliyeangalia jua.”

Mzee mmoja alikohoa, na kikohozi kikageuka kicheko.

“Hata mwalimu wako?”

“Hata yeye. Alipiga magoti na vifuu vyake.”

Fuatino alitamani ardhi immeze. “Ni kweli, Mzee,” alisema. “Kila siku nawauliza kwa nini, na mimi mwenyewe mtungi umenipeleka puta.”

“Mimi nimeimba nyimbo nne,” alisema Mzee Fasalele, “na ya nne hata siijui vizuri. Mama Mchungaji, funguo ni zako. Amua mwenyewe.”

Mama Mchungaji aliondoka na funguo zake, na Fuatino akarudi nyumbani hana raha.

Jioni mtungi ulilia kwa saa yake. Fuatino, akiwa mlangoni, aliona ajabu: nyumba kwa nyumba, watu walitoka kwanza, wakatazama magharibi, ndipo wakaingia. Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Mchungaji, kiganja juu ya macho.

Asubuhi Fuatino aliukuta ukumbi wazi. Katikati ya mkeka, kati ya vifuu na vijiti, palikuwa na sufuria ya majimbi iliyoungua, nyeusi tii, na Mama Mchungaji amesimama kando yake.

“Haisuguliki tena,” alisema, bila kumtazama. “Hebu waulize watoto inasema nini.”