Jumamosi Niliyoisahau Kwenye Ratiba

Baada ya kushindwa mtihani mara ya kwanza, nilifanya jambo ambalo mtu mwenye shahada ya uzamili hulifanya kwa ustadi: nilitengeneza ratiba. Ya kwanza ilikuwa ya wiki kumi na nne. Ya pili ilikuwa ya wiki kumi na tatu, kwa sababu kuitengeneza ile ya kwanza kulikuwa kumekula wiki nzima. Ya tatu, ya wiki kumi na mbili, niliichora kwa rula juu ya karatasi nne za miraba zilizounganishwa kwa gundi, nikaibandika ukutani katika chumba alichonipa mama mdogo nyumbani kwake, hapa Nyakasanza.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa cheti cha kitaaluma cha uchambuzi wa fedha, nao ulifanyikia Kampala, ng'ambo ya mpaka. Ofisi ya mikopo nilikofanyia mazoezi ya kazi ilikuwa imekubali kuniwekea nafasi hadi matokeo ya awamu iliyofuata ya mtihani, si zaidi. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe kimoja kwenye simu ili kuthibitisha kwamba nitafanya, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Sikuwa nimekibonyeza. Kushindwa mara moja kunaweza kuitwa bahati mbaya; kushindwa mara ya pili kungehitaji jina jingine, nami nilikuwa nimekwisha kuyafikiria majina yote.

Basi nikajiwekea sharti. Jumamosi hiyo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano, ningefanya mtihani wa majaribio. Nikipata asilimia sitini, ningethibitisha. Nikipata hamsini na tisa, ningeiacha nafasi kwa heshima.

Alhamisi mama mdogo aliingia chumbani, sentimita yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni, akasimama mbele ya ukuta.

"Hii rangi ya kijani njo nini?"

"Ni ya matanga, mama mudogo. Masaa sita kila mwezi."

"Masaa sita?" Akageuka kunitazama. "Matanga moja inakulaka siku tatu. Weye utafika, utalia kidogo, kisha utaangalia saa?"

"Ya njano ni ya mvua. Nyekundu ni ya courant kukatika, taa zikizimika."

"Minaona. Umepanga mvua, umepanga courant, umepanga hata batu wenye hawayakufa. Kusoma njo wapi?"

Nilimwonyesha rangi ya buluu. Aliitazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa ambacho mteja amekileta na hakitoshi gauni.

Jumamosi, saa moja kasoro dakika tano, nilikuwa nimeketi. Nilikuwa na penseli mbili, kikokotoo na chupa ya maji iliyowekwa mbali na karatasi. Saa moja kamili firimbi ikalia barabarani.

Ilikuwa firimbi ya mkuu wa barabara yetu, ambaye sote tunamwita shefu. Nimekua nikiisikia. Jumamosi asubuhi ni salongo: maduka hufungwa, na kila nyumba hutoa mtu wa kufyeka majani na kuzibua mfereji hadi saa nne. Lakini kielelezo cha ratiba yangu nilikuwa nimekitoa kwenye mtandao, kwa watu ambao Jumamosi yao ni pana na tupu, na miaka miwili ya masomo Kampala ilikuwa imemalizia kazi ya kunisahaulisha. Nilipanga vifo na mvua. Sikupanga kitu pekee kinachokuja kila wiki bila kukosa.

Mama mdogo ana goti linalomsumbua, kwa hiyo jembe lilikuwa langu. Yeye alileta kigoda, akaketi langoni kunisimamia. Nikiwa ndani ya mfereji nilimweleza tatizo kwa utaratibu: salongo ikiisha saa nne, zingebaki saa mbili tu, ningeweza kufanya nusu ya mtihani na kuzidisha alama mara mbili, lakini nusu ya kwanza ni ya maadili ya kazi, ambayo naimudu, kwa hiyo kipimo kingekuwa na upendeleo.

"Mara ya kwanza, ulishindwaka juu ya nini?" akauliza.

"Sikumaliza. Maswali mengi yalibaki."

"Haukuyajua?"

"Nilijua. Nilikuwa narudia kuangalia yale niliyokwisha kujibu."

"Njo vile. Ulijua, ukakawia. Sasa uko unakawia tena, na mutihani haiyaanza hata."

Niliacha kuchimba. Shefu, aliyekuwa akipita na firimbi yake, alidhani nimechoka.

"Intellectuel," akasema, kama anavyowaita waliosoma, "hiyo mufereji haina théorie. Chimba."

Niliegemeza jembe, nikatoa simu mfukoni, nikabonyeza kile kitufe cha kuthibitisha. Skrini haikukitambua kidole chenye tope. Nikakipangusa kwenye shati, nikabonyeza tena. Ililazimu niamue mara mbili, na mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba. Kisha nikachimba hadi saa nne, kwa sababu shefu alikuwa bado anaangalia.

Alasiri hiyo niliibandua ratiba ukutani. Mahali pake mama mdogo aliweka utaratibu wake. Mimi ningesoma swali kwa sauti, kwa Kiingereza asichokijua. Yeye angeanza kushona mshono mmoja. Na jibu lilipaswa kutoka kabla cherehani haijanyamaza.

"Na kama jibu ni sahihi lakini nimechelewa?"

"Faux. Umekosa."

"Mama mudogo, hata haujui swali ilikuwa nini."

"Minajua mushono imeisha."

Tulifanya hivyo kwa wiki kumi na mbili, isipokuwa siku tatu za matanga ya jirani, ambazo mama mdogo alizihesabu mbele yangu kwa vidole, taratibu, ili nione. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa mferejini. Mishono mifupi ya mikono ya nguo ndiyo iliyonitesa. Gauni za harusi zilinipa nafasi ya kupumua.

Kampala nilijibu swali la mwisho zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Niliweka penseli chini, nikakunja mikono, na sikurudi nyuma kuangalia majibu. Katika mtihani wote, hizo dakika kumi na moja ndizo zilizokuwa ngumu zaidi.