Dhahabu ya Bwana Mkadam

Msabah Gharib alirudi kutoka chuo cha Kampala mwaka 1957 na shahada moja, kalamu mbili za wino, na imani kwamba Unguja nzima ilikuwa ikimsubiri. Unguja haikuwa na habari naye. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na dola hazipatikani. Mwenye gari la Kimarekani akitaka tairi anaambiwa angoje kibali, na kibali hakiji. Barazani kila mtu alijua dola zilikokwenda: kwa wakubwa. Ila ukiuliza mkubwa gani, na kwa ushahidi gani, watu walitazama vikombe vyao vya kahawa.

Msabah akaona hii ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

Mtu wake alishamchagua. Bwana Mkadam, mgombea aliyekaa mtaa mmoja naye hapo Malindi, alikuwa mjumbe wa kamati ya vibali vya fedha za kigeni. Tena alikuwa mnene, jambo ambalo Msabah, mwembamba kama ufito, alilihesabu kuwa nusu ya ushahidi. Nusu iliyobaki ilimjia kwenye harusi ya Mwanapili, binti wa Bwana Mkadam. Upande wa wanawake mwanamme haingii, kwa hiyo Msabah alimtuma Mize, binti wa mama yake mdogo, aliyekuja kutoka Jambiani kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Nimehesabu mpaka shingo imeniuma, kaka," Mize alisema aliporudi. "Vidani vitatu, mikufu saba, bangili mpaka kwenye kiwiko. Bibi harusi kuinuka hawezi, kashikwa kwapa na watu wawili!"

"Dhahabu mpya?"

"Mimi ntajuaje? Kidani kimoja pingili yake imefungwa uzi mwekundu."

Uzi mwekundu! Msabah hakuhitaji zaidi. Dhahabu haiingii kisiwani bila fedha za kigeni, fedha za kigeni hazitoki bila kibali, na vibali viko kwa nani? Uzi ulionyesha wazi kwamba sonara hakupewa hata nafasi ya kuunga pingili. Mali ilipitishwa mbiombio. Aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, akauita "Dola Zetu Ziko Shingoni", akampelekea Bwana Shamsi, mhariri wa gazeti la kurasa nne lililotoka kila Ijumaa. Bwana Shamsi aliposoma alicheka mpaka akavua kofia. Msabah akapita barazani kifua mbele, akawaambia watu: "Ijumaa mtasoma habari za Bwana Mkadam."

Asubuhi ya Alkhamisi alimsomea mama yake nakala. Bi Kazija alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, naye alisikiliza kwa adabu mpaka alipofika kwenye uzi.

"Hebu rudia hapo."

Msabah akarudia, kwa sauti ya mkutanoni.

"Uzi huo nimeufunga mimi," Bi Kazija alisema. "Mwaka uliokwenda Kampala. Kidani changu hicho."

"Chako, mama?"

"Changu. Na mikufu minne ya Bi Mwanakhamis hapo jirani, na bangili za Bi Sichana. Yule mtoto alikuwa na vipuli vya marehemu mama yake tu, basi. Tukamvisha. Hakuna msichana wa mtaa huu anayetoka shingo tupu. Mimi mwenyewe niliolewa na dhahabu ya nyumba sita."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanamme umwambie mambo haya ya nini? Akayaandike?"

Miaka minne Msabah alisomeshwa namna mali inavyotoka nchi hii ikaingia nchi ile, na hakujua kidani cha mama yake kilivyovuka kichochoro.

"Na wakwe zake? Hawajui?"

"Wanajua na hawajui. Likiandikwa ndiyo watajua. Watamuuliza hiki cha nani na kile cha nani, na mtoto ana siku ya tatu tu kwa mumewe." Aliweka ungo chini. "Na mimi ntapita wapi hapa Malindi, mwanangu?"

Msabah alifika kwa Bwana Shamsi viatu mkononi. Herufi za makala yake zilishapangwa, zinangoja kuchapwa.

"Itoe, bwana. Nimekosea."

"Umekosea nini?"

Hapo ndipo kazi ilipomshinda. Kusema dhahabu ni ya kuazima ni kumvua Mwanapili barazani. Akasema, "Hesabu."

"Hesabu! Mtu wa chuo!" Bwana Shamsi alimtazama juu mpaka chini, kisha akateremsha sauti. "Mkadam kakupa ngapi?"

Ijumaa nafasi ile ilijazwa tangazo la mafuta ya nywele, na kabla ya adhuhuri mji ulishapata jibu lake. Wengine walisema Msabah kapewa pauni hamsini. Wengine walisema kapewa dola zenyewe, noti za kijani, zimekunjwa ndani ya gazeti. Mwandishi wa haki alitamani kupanda juu ya meza awaambie kwamba yeye bado hajui kama Bwana Mkadam ni mwizi au si mwizi, anajua tu kwamba hana dhahabu. Lakini angeulizwa kajuaje. Akafunga mdomo, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Alasiri alipita barazani akitegemea matusi.

"Shikamoo, Mzee Ame."

"Marahaba, marahaba, bwana mkubwa! Sogeeni, mwacheni mwenzenu akae." Wakasogea. Mzee huyu siku zote alimwita "wewe kijana". Alimwinamia sikioni. "Redio yangu imeungua balbu mwaka wa pili huu. Ya Kimarekani. Ukimwona Bwana Mkadam, hebu nisemee kakibali, mwanangu. Wewe sasa mtu wake."

"Mimi si mtu wake, mzee."

"Naam, naam," Mzee Ame alisema, akamkonyeza. "Ndivyo inavyosemwa." Kisha akamnunulia kahawa, ya kwanza kununuliwa na mtu tangu arudi Unguja, na Msabah akainywa yote.