Nyumba ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani huyu amekaa nyumba za kupanga tangu azaliwe, na mwili umeshazoea. Hacheki kwa sauti, hapigi msumari ukutani bila ruhusa, na mlango ukibishwa, vidole vyake vyenye alama za sindano hukimbilia kwanza kitambaa cha kichwa. Ndiye huyo huyo ambaye yeye na mumewe wamejifunga mkanda, wakakopa benki na kununua kijumba cha vyumba viwili wapangishe. Mpangaji akihama, mkopo utawakaba koo. Kwa hiyo alipoitwa kwenda kusikiliza malalamiko, mumewe alimsihi: “Mama watoto, leo kaza uso. Wewe ndiye bosi.”

Mlango alioununua mwenyewe aliupigia hodi mara mbili, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kiti. Mpangaji, mwalimu asiyeishiwa maneno, alimpeleka jikoni kumwonyesha bomba linalovuja.

“Nimevumilia vya kutosha, mama. Lisipotengenezwa, mwisho wa mwezi nahama.”

Fundi aliinama, akaligusa bomba taratibu kama anayempima mtoto homa.

“Pole sana, mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini. “Hawa wenye nyumba wanatuonea kweli. Ngoja nikamwambie.”

“Ukamwambie nani, mama?”

Fundi akajiziba mdomo, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kusikika mpaka nyumba ya jirani.

“Basi nimeshaambiwa,” akasema, akikunja mikono ya gauni. “Una spana humu ndani?”